Hesabu ya Ng'ombe na Hesabu ya Maziwa



Katika mkutano mkuu uliopita palitolewa shauri kwamba sehemu ya akiba ya Chama itumiwe kuwakopesha wanachama fedha za kununulia mitamba ya gredi, kila nyumba mtamba mmoja, ili maziwa ya kwetu yaongezeke. Walioliunga mkono shauri hilo walisema neno lililo jepesi kusadikika, kwamba nyumba yenye ng'ombe wawili itakamua maradufu ya nyumba yenye ng'ombe mmoja. Ndipo mzee wetu mmoja aliposimama akauliza kama yuko mtu yeyote ukumbini aliyeongeza ng'ombe wa pili akaona maziwa yakiwa maradufu kweli. Watu walicheka, lakini hakuna aliyeinua mkono. Basi kura haikupigwa. Halmashauri iliagizwa ichungue habari za ng'ombe na maziwa katika Kenya tangu zamani, iziandike katika kitabu hiki cha taarifa, kisha shauri lirudishwe mkutanoni.

Tumefanya kama tulivyoagizwa. Mwanzoni tulidhani kazi itakuwa ya kunakili tarakimu tu, mwaka huu ng'ombe kadha, mwaka ule maziwa kadha. Walakini tuliona upesi kwamba hesabu hizo mbili hazikutembea pamoja, na kwamba kwa miaka mingi ng'ombe wa Mwafrika walihesabiwa, bali maziwa yao hayakuhesabiwa na mtu.

Mwanzo wa habari yenyewe ni msiba. Mnamo 1890 na 1891 ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika upande wa kaskazini mashariki, uliishukia nchi yetu. Wamaasai walipoteza karibu ng'ombe tisa katika kila kumi, na nyuma ya sotoka zikaja ndui na njaa. Wageni waliokuja na reli miaka michache baadaye walikuta mbuga zenye majani mengi na mifugo michache, nao wakaandika kwamba ardhi ile ilikuwa tupu. Hatusemi kwamba sotoka peke yake ndiyo iliyowanyang'anya watu mashamba. Twasema tu kwamba hesabu ndogo ya ng'ombe, iliyotazamwa baada ya mwaka mbaya, iligeuzwa kuwa ushahidi juu ya wenye ng'ombe. Na kwa kuwa tumeitaja sotoka, wanachama wetu wa Kiambu wataturuhusu tukumbushe kwamba chanjo iliyosaidia sana kuimaliza ilitengenezwa kwao, pale Muguga, na Walter Plowright na wenzake, na kwamba mwaka 2011 ilitangazwa kuwa ugonjwa huo umekwisha duniani kote.

Walowezi nao hawakuanza kwa baraka. Lord Delamere, aliyepata ardhi Njoro mwaka 1903, aliagiza ng'ombe na kondoo kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa, na wengi wakamfia kwa maradhi. Ng'ombe wa Ulaya hakuwazoea kupe wetu wala ndigana wanayoileta. Kwa hiyo walowezi wakachukua majike ya hapa, yaliyozoea nchi, wakayapandisha kwa mafahali ya kigeni, na mabinti waliozaliwa wakapandishwa tena, nusu, kisha robo tatu, na kuendelea. Jina la gredi latokana na ngazi hizo. Yafaa watoto wetu walijue jambo hili, maana wengi hudhani ng'ombe wa gredi alishuka merikebuni alivyo. Bibi yake alikuwa zebu wetu.

Mwaka 1925 walowezi walianzisha huko Naivasha chama chao cha ushirika cha maziwa, ambacho wote tunakijua kwa herufi zake, K.C.C. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa siagi. Mashamba yalikuwa mbali na miji, na maziwa mabichi yasingefika salama. Basi malai yalitengwa shambani kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono na kupelekwa kiwandani, nayo maziwa yaliyobaki yakanyweshwa ndama na nguruwe. Siagi nyingi ilisafirishwa hadi Uingereza. Mambo ya bei na kodi za siagi katika miaka ya 1930 ni marefu, na hayatuhusu sana. Linalotuhusu ni kwamba pale kiwandani kila kopo la malai lilipimwa uzito, likapimwa mafuta yake, likaandikwa daftarini kwa jina la mwenyewe. Hapo ndipo hesabu ya maziwa ya nchi ilipozaliwa, nayo ilikuwa hesabu ya jamii moja tu.

Maziwa ya rizavu yalikuwa yakinywewa. Yaligandishwa katika vibuyu, yakapewa watoto, wageni na wazazi waliojifungua, na katika sehemu za Nyanza na Ukambani yalifanywa samli ya kuuza. Hakuna aliyeyaandika. Hali kadhalika, kwa miaka mingi amri za karantini ziliwazuia ng'ombe wa rizavu wasivuke mpaka kwenda kwenye soko la walowezi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia magonjwa, na magonjwa yalikuwapo kweli. Lakini mpaka ule ulilinda bei kama ulivyolinda afya.

Ng'ombe wenyewe, hata hivyo, walihesabiwa, na hesabu ile ilizaa mambo ya 1938 huko Ukambani. Twaomba wazee wa Machakos watuvumilie tukisimulia jambo ambalo wao walilipokea kwa baba zao. Serikali ilikuwa imetazama makorongo ya mmomonyoko katika vilima vya Machakos, ikahesabu ng'ombe, ikagawanya kwa ukubwa wa ardhi, ikaamua kwamba ng'ombe wamezidi. Wakati huohuo kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Maelfu ya ng'ombe yalichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa mnadani kwa bei ya kuwaliza wenyewe. Ng'ombe wa mahari, ng'ombe wa yatima, ng'ombe aliyekuwa akinyonyesha ndama na kulisha nyumba nzima, wote walikuwa vichwa tu katika orodha.

Mwezi wa Julai 1938 Wakamba waume kwa wake, wakiongozwa na Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association, walitembea kwa miguu hadi Nairobi wapate kuonana na Gavana. Walikuwa watu elfu kadha. Walipiga kambi mjini wakakaa majuma kadha, wala hawakupiga mtu. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu, mbali na kwao. Walakini kabla mwaka haujaisha Serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Sisi tunaoandika hatukatai kwamba ardhi ilikuwa imechoka. Picha za makorongo yale zipo, na hata wazee wa pale waliyajua. Lakini aliyehesabu ng'ombe hakuuliza ng'ombe yule atoa kibuyu kingapi asubuhi, wala watoto wangapi wamtegemea, na kwa hiyo hakujua alikuwa akiuza nini.

Miaka 16 baadaye Serikali ileile ilibadili maneno. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, ulitolewa mpango wa Roger Swynnerton, uliotengewa pauni milioni 5, wa kukusanya vipande vya ardhi, kutoa hati, na kumwachia Mwafrika alime kahawa, majani ya chai na pareto, na afuge ng'ombe wa gredi. Hatutasahau kwamba vipande vingi vilikusanywa huku wenyewe wamo kizuizini. Ziko nyumba katika Chama chetu ambazo kesi zao za mipaka zilianza siku hizo. Hata hivyo ng'ombe waliingia. Mkulima alitakiwa awe na shamba lenye ua, maji, na majani yaliyopandwa, ndipo apate ng'ombe. Wazee hulikumbuka sharti hilo kama usumbufu wa mabwana shamba. Sisi, baada ya kusoma, tumeona kwamba lilikuwa sharti lenye akili kuliko mengine yote ya wakati ule, nasi tutalirudia.

Mengine yalifuata upesi. Kituo cha mbegu za mafahali kilikuwa kimekwisha kuanzishwa Kabete mwaka 1946. Bodi ya Maziwa iliundwa mwaka 1958. Mwaka 1961 wakulima 31 wa Githunguri walianzisha ushirika wao, ambao mwaka 2004 ulifungua kiwanda chake wenyewe. Tangu 1962 mashamba ya walowezi yaligawanywa kwa mikopo, na wengi wa wanachama wetu wa Kinangop walipata vipande vyao pamoja na deni la ng'ombe. Na mwaka 1965 tume iliyoongozwa na Mwai Kibaki ilishauri uondolewe mpango wa zamani ambao uliwapa wauzaji wenye mafungu yao maalumu bei nzuri, na wengine waliobaki bei ya chini. Ulipoondolewa, mkulima mwenye kopo moja akawa na njia ya kuingia kiwandani.

Hapo sasa hesabu mbili zikaanza kukaribiana. Kutoka 1966 kazi ya kupandisha ng'ombe kwa sindano ilienezwa nchi nzima na Serikali kwa bei ndogo sana. Bwana wa mbegu alipita njiani kwa gari saa zinazojulikana, na mwenye ng'ombe anayetaka dume alimfunga kando ya barabara akamngoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 ng'ombe zaidi ya nusu milioni walipandishwa hivyo kwa mwaka. Majosho yalijengwa. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu, na wengi wetu tuliyanywa. Tangu 1980, kwa msaada wa Uholanzi, wakulima walifundishwa kufuga zizini, kukata nepia na kumpelekea ng'ombe badala ya kumwachia atafute mwenyewe. Ukame wa 1984 ulikata maziwa hata nchi ikalazimika kupokea maziwa ya unga kutoka ng'ambo. Na twaomba wasomaji wauangalie mwaka huo kwa makini. Katika wiki ambazo maziwa yalikauka, ng'ombe wengi walikuwa bado wako hai. Hesabu yao haikuwa imebadilika sana ila majani yalikuwa yamekwisha.

Mwaka 1992 bei ya maziwa iliachwa huru. Wengine katika Halmashauri walitaka tuandike kwamba siku hiyo maziwa ya Kenya yalianguka, kwa sababu tarakimu zaonyesha hivyo. Maziwa yaliyopokewa viwandani yalikuwa yamekaribia lita milioni 400 kwa mwaka. Kufikia 2001 hayakufika milioni 200. K.C.C. ilikuwa imelemewa na madeni, wakulima walingoja malipo kwa miezi, na wengine hawakulipwa kabisa. Lakini je, ng'ombe waliacha kukamuliwa? La. Maziwa yaliiacha njia ya kiwanda yakaingia njia ya baiskeli. Mchuuzi alikuja asubuhi na madumu yake, akalipa taslimu, akayauza mabichi mjini. Daftari la kiwanda lilipopungukiwa, ilionekana kana kwamba nchi imepungukiwa. Serikali iliirudisha K.C.C. mikononi mwake mwaka 2003, kampuni nyingine nazo zikakua, na mwaka 2007 viwanda vilipokea tena zaidi ya lita milioni 400. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 vilipokea karibu milioni 800. Hata hivyo taarifa za Serikali husema nchi yatoa maziwa ya lita bilioni 4 hadi 5 na zaidi kwa mwaka. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa mno ya maziwa hayo haijapita kwenye mizani ya mtu yeyote.

Hesabu hiyo ya mabilioni hupatikanaje, basi? Ni kwa kuzidisha. Huchukuliwa idadi ya ng'ombe wa maziwa, hukadiriwa wangapi kati yao wanakamuliwa, kisha hukadiriwa kila mmoja atoa lita ngapi. Idadi ya ng'ombe ikikosewa, maziwa yamekosewa. Na imekosewa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara ilisema ng'ombe wa maziwa ni milioni 3 na kitu. Watafiti waliokwenda nyumba kwa nyumba wakapendekeza kwamba ni zaidi ya milioni 6. Katika hesabu ya watu ya 2009, ambayo iliuliza pia mifugo, ng'ombe wote walikuwa milioni 17.5, kati yao gredi milioni 3.4. Katika ile ya 2019 ng'ombe wote walikuwa milioni 15.8, na gredi wa maziwa milioni 2.2. Ni kweli kwamba mara ya pili gredi wa nyama waliandikwa mbali, lakini hata ukiwarudisha, jumla imepungua. Hesabu ya maziwa ya miaka hiyohiyo haikushuka kwa kadiri hiyo. Ama kila ng'ombe alianza kutoa zaidi, ama mojawapo ya hesabu hizi si sawa. Sisi twadhani yote mawili yana sehemu yake. Mwenye ng'ombe akiulizwa na karani mgeni hufikiria kodi kwanza, na baada ya habari za 1938 hatuwezi kumlaumu.

Tulitaka kujua kama nchi nyingine zimepata kuongeza maziwa bila kuongeza ng'ombe, na tukaikuta Marekani. Mwaka 1944 nchi hiyo ilikuwa na ng'ombe wa maziwa wapatao milioni 25.6. Siku hizi hawazidi sana milioni 9, nayo maziwa yamekaribia kuwa maradufu. Ng'ombe mmoja wa 1944 alitoa kiasi cha kilo 2,000 kwa mwaka. Wa leo atoa karibu kilo 11,000. Walifanya hivyo kwa mbegu bora, kwa kuandika maziwa ya kila ng'ombe na kuwaondoa wabaya, na kwa kumlisha mnyama kwa kipimo. Hatuwatamani katika yote. Mamilioni ya nyumba za wakulima wadogo ziliacha kufuga kabisa, na leo mashamba ya maziwa huko ni chini ya 30,000 nchi nzima. Kwetu karibu sehemu nne katika tano za maziwa hutoka kwa mkulima mdogo, na Chama hiki hakikuundwa ili kumwondoa. Lakini tulistaajabu kuona kwamba ng'ombe wetu wa kawaida wa gredi yuko karibu na pale ng'ombe wao alipokuwa mwaka 1944.

Sasa turudi kwenye shauri la mitamba. Chukueni ng'ombe atoaye lita 5 kwa siku kwa siku 300, yaani lita 1,500. Akizaa kila mwaka, hizo ndizo lita za mwaka. Lakini ng'ombe wetu wengi hawazai kila mwaka. Ng'ombe aliyekonda hachukui mimba upesi, au dalili zake hazionekani kwa kuwa mwenyewe yuko mjini, au fedha za sindano hazikutumwa kwa wakati. Akizaa kila baada ya miezi 20, zile lita 1,500 zimegawanywa kwa miezi 20, na za mwaka ni 900 tu. Katika orodha ya karani yeye bado ni ng'ombe mmoja wa gredi.

Mleteeni ng'ombe huyo mwenziwe katika shamba lilelile la ekari moja na robo. Nepia iliyomtosha mmoja kwa shida sasa yagawanywa. Kwingine nepia yenyewe imepatwa na ugonjwa wa kudumaa. Kiangazi kikija hununuliwa majani ya kando ya barabara, na wote wawili hukonda, na wote wawili huchelewa kushika mimba. Ndiyo maana mkono haukuinuliwa ukumbini. Sharti la zamani, la majani na maji kwanza na ng'ombe baadaye, lilisahauliwa pamoja na mabwana waliolileta.

Kwa hiyo Halmashauri haikubaliani na shauri la kukopesha mitamba mwaka huu. Twaomba mkutano ufikirie badala yake fedha hizo zikopeshwe kwa matangi ya kuvunia maji ya mvua, mbegu za nepia isiyoshikwa na ule ugonjwa, mashimo ya kuhifadhia majani ya kiangazi, na malipo ya sindano kwa wakati wake. Twajua kwamba shauri hili halina utamu wa lile la kwanza. Mtamba huonekana na majirani, bali shimo la majani yaliyofunikwa kwa udongo halisifiwi na mtu. Wawili katika Halmashauri hawakukubaliana nasi, nao watapewa nafasi ya kusema.

Ili mkutano usiamue kwa maneno matupu, kila mwanachama mwenye ng'ombe atapata daftari pamoja na kitabu hiki. Humo ataandika, au atamwandikisha mama au ndugu aliye nyumbani, lita za asubuhi na za jioni, siku ng'ombe aliyozaa, siku aliyopandishwa, na siku aliyoacha kukamuliwa. Maziwa ya watoto yaandikwe pia, hata yale yasiyouzwa. Jina la mwenyewe si lazima liandikwe juu ya daftari. Nambari yake ya uanachama yatosha. Daftari zitapokelewa na mwandishi wetu mlangoni, asubuhi ya mkutano mkuu, kabla ya ajenda kufunguliwa.